Picha Iliyokatwa Katika Kitabu cha Nishani

Mjukuu wa Mzee Tayabali alinipigia simu kutoka Toronto kunieleza kwamba babu yake amefariki na wameshamzika. Tulizungumza kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kimebakia maneno ya jikoni tu. Nilipokwisha kumpa pole, akaniuliza jambo lililonifanya nivute kiti nikae. "Siku zake za mwisho alikuwa akimtaja Bi Rukia. Baba hamjui, mama hamjui. Bi Rukia ni nani?" Nilicheka peke yangu, mwanamke wa makamo, simu sikioni na machozi yananitoka, kwa sababu nilielewa walichokuwa wakikifikiria kule. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, babu yake hakuwa na mke wa pili aliyemficha Mombasa. Lakini habari yenyewe haikuwa ya kusimuliwa kwenye simu inayokatikakatika, na tangu siku ile imekuwa ikinirudia kichwani, mwaka mzima ule, na vyumba vyake na harufu zake. Nimeona bora niiandike.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati watalii walipopotea Pwani kama walioitwa makwao wote kwa pamoja. Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi mapokezi ikatupunguza, nami nikajikuta kijana wa miaka ishirini na kitu, sina kazi, nina sketi mbili za kazi na Kifaransa nilichojifunza kwa kuwaelekeza wageni vyumbani kwao. Nilikuwa nimepanga chumba Kibokoni kwa Bi Mwanahawa, mjane aliyepika mahamri na mbaazi za nazi na kuziuza barazani asubuhi. Chumba changu kilikuwa juu ya jiko lake. Kila alichokipika nilikijua kabla sijafumbua macho, na kila alichokizungumza na wateja wake kilipanda nacho kupitia tundu za sakafu ya mbao. Nilijua nani ameposwa, nani amekosana na mkwewe, na kwamba mpangaji wa juu, yule Mgiriama mpole, amekaa tu, hana kazi, maskini.

Asubuhi moja akaniita. "Kadzo, ndoo hapa. Wewe si wajua ile lugha ya Wafaransa?"

"Najua ya kumwambia mtu chumba chake kiko ghorofa ya pili, bi mkubwa."

"Basi yatosha. Kuna Mhindi mmoja hapo Ndia Kuu, Bohora, macho yamemwishia, na ana kitabu chake cha Kifaransa hana wa kumsomea. Ameuliza kila mahali. Nami nishamwambia ninaye wangu nyumbani, msomi. Usiniaibishe."

Mzee Tayabali alikuwa na duka la misumari na rangi maisha yake yote, na sasa alikuwa amelifunga. Aliishi peke yake juu ya lile duka, mke wake amekufa, wanawe wako ng'ambo. Chumba chake cha mbele kilinuka kafuri na mafuta ya kitani, na ukutani palijipanga makabati ya droo nyembamba, zile za kuwekea skrubu. Nilipovuta droo ya kwanza kwa amri yake, sikuona skrubu. Niliona nishani, zimelazwa juu ya pamba kama mayai. Za shaba, za fedha, nyingine na utepe uliopauka, nyingine hazina. Watu walikuwa wakimletea dukani pamoja na vyuma chakavu, akaanza kuzitenga, na kutenga kukawa ugonjwa. Alizijua kwa vidole. Aliokota moja, akaipapasa ukingo, akasema, "Hii ni ya vita vya pili. Soma pembeni." Nikasoma jina la mtu, dogo, limechongwa kwenye ukingo wa chuma. Sikuwahi kujua kwamba nishani huandikwa jina la aliyepewa. Niliisogeza dirishani, nikaisoma tena, na nadhani hapo ndipo nilipokamatwa.

Kitabu chenyewe kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa shuka. Kilikuwa kikubwa hata hukuweza kukisomea mapajani, jalada la ngozi limechubuka pembeni, na umri wake ulikuwa umepita miaka mia. Ndani mlikuwa na nishani za falme zote alizozijua mwandishi wake, nyingi na uso wa mfalme katikati, kila moja imechorwa ukurasa mzima kwa rangi ambazo bado zilikuwa mbichi, na maelezo yake kwenye ukurasa wa pili. Mzee Tayabali alikuwa amekinunua katika mnada zamani, akatazama picha zake miaka na miaka bila kujua neno hata moja la maelezo, akijiambia kwamba siku moja atapata wa kumsomea. Siku hiyo ilipofika, hakuziona tena hata picha. "Dikri," aliniambia, yaani binti kwa lugha ya kwao, "wewe nisomee maneno, na picha nitaziona humu," akajigonga kipaji cha uso.

Ndivyo tulivyofanya kila alasiri. Yeye akikaa kwenye kiti cha mkeka na kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki, mimi nikibabaika na Kifaransa cha watu waliokufa zamani, na kamusi kando. Saa kumi msichana wa jirani akituletea bajia za dengu na chatne ya nazi, nasi tukiacha kusoma mpaka nioshe mikono, maana hakuruhusu kidole chenye mafuta kikaribie kitabu. Huwa najiuliza kwa nini sikuchoka. Habari zenyewe zilikuwa kavu: nani alianzisha nishani fulani, nani aliruhusiwa kuivaa, bega la kulia au la kushoto. Kilichonishika ni wale waliokuwa na kitabu kile kabla yetu. Wa kwanza tuliyemjua alikuwa daktari wa meli, kwa sababu alijiandika hivyo kwenye jalada la ndani, na alikuwa mgomvi. Pembeni mwa kurasa alimjibu mwandishi kwa penseli: "Si kweli!" "Nani kakuambia?" "Niliiona kwa macho yangu, ni ya kijani!" Mzee Tayabali alimpenda sana yule daktari. Kila tulipofungua ukurasa mpya aliuliza, "Rafiki yetu amekasirika leo?" Wa pili alikuwa ofisa wa forodha, Mwingereza, aliyepiga muhuri wa jina lake kwenye kila picha, kila moja, kama mtu anayeogopa kuibiwa na nyumba nzima. Kutoka kwa daktari kitabu kilimfikiaje, hatukujua kamwe, ingawa tulibuni njia nyingi, nyingine za aibu.

Wa tatu hakuandika kitu. Lakini kwenye mikunjo ya kurasa nilikuwa nikiokota vipande vya uzi, vyekundu, vya buluu, vya manjano, na kila rangi ilifanana na rangi ya utepe uliochorwa hapo. Nilipomweleza Mzee Tayabali, akapiga paja. "Kaitano! Ni kwenye mnada wake nilipokinunua." Kaitano alikuwa fundi cherehani, Mgoa, aliyekuwa na duka Makadara enzi za mkoloni, akishona sare za wakubwa. Kitabu hakikuwa pambo kwake. Alikitumia kama fundi mwingine anavyotumia kipimo: akija ofisa na nishani zake, yeye hufungua, hulinganisha uzi na picha, hushona utepe usiokosea. Nilimpenda Kaitano kuliko wote. Nilivikusanya vile vipande vya uzi nikavitia kwenye kibweta cha kiberiti.

Kisha tukafika kwenye ukurasa usiokuwapo. Picha moja ilikuwa imekatwa. Imekatwa taratibu, kwa mkasi mzuri, na pembeni mwa kilichobakia palikuwa na mstari wa nukta ndogondogo kama zile za kile kigurudumu mafundi wanachochorea mitindo ya nguo. Kwenye ukurasa wa maelezo, uliolalia picha ile kwa miaka mingi, wino ulikuwa umeacha kivuli: nyota kubwa ya ncha nane. Nikasoma. Ilikuwa nishani ya juu kabisa ya kijifalme kimoja cha Ulaya ambacho hakipo tena, wakipewa majenerali walioshinda vita, na haikuvaliwa na watu wengi. Mzee Tayabali alijua tangu zamani kwamba picha moja haipo. Asichojua ni kwamba ilikuwa hiyo.

Wakati huo ndipo nilipoelewa ukurasa ule ulikuwa na uzito gani kwake. Mwanawe alikuwa amekwisha kumpangia safari ya Toronto. Nyumba ingeuzwa, nishani zingekwenda kwa ndugu, na kitabu, mwanawe alisema kwenye simu kwa sauti niliyoisikia hata mimi nilipokaa, "Baba, hicho ni uzito wa sanduku zima, na hukioni." Kulikuwa na Mbelgiji mmoja, mkusanyaji, aliyekuwa tayari kukichukua na kukitunza, kwa sharti kiwe kamili. Wengine waliokitaka walitaka kukichana wauze picha mojamoja kwenye fremu. "Nikikiacha hapa," Mzee Tayabali aliniambia, "kitafungiwa njugu. Nitafutie ile nyota, dikri. Kaitano hakuwa mtu wa kutupa kitu."

Sikuwahi kutafuta kitu cha namna hiyo maishani mwangu. Nilikwenda Makadara nikaanza kuuliza, mgahawa baada ya mgahawa, fundi baada ya fundi, nikijihisi mjinga. Wengi walinitazama kama ninayedai mirathi. Mwishowe kinyozi mmoja mzee, aliyekuwa akimnyoa mteja bila haraka, alisimamisha wembe hewani. "Kaitano aliyekuwa akishona sare za magavana? Amekufa zamani yule. Lakini aliyekuwa akimtilia vifungo yu hai. Bi Rukia. Nenda Bondeni, uliza nyumba yenye mlango wa kijani karibu na msikiti, mwambie nimekutuma mimi, na mwambie bado namdai kofia yangu."

Nilikwenda Bondeni na Mzee Tayabali, kwa sababu alikataa kubaki. Alivaa kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya dhahabu pembeni, akanishika kiwiko, na tulipopita watu waligeuka. Bi Rukia alikuwa mwanamke mrefu wa karibu miaka sabini, na miwani mbili, moja machoni na moja kifuani. Alitukaribisha sebuleni, chumba chembamba chenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufumwa, televisheni nayo imevishwa chake. Kulikuwa na kaimati na chai ya tangawizi kabla hata hatujaeleza shida. Niliketi, nikainua macho, na juu ya mlango wa kuingilia ndani, ndani ya fremu nyeusi ya kioo, nikaiona nyota. Ncha nane, dhahabu na nyeupe, na pembeni yake muhuri mdogo wa ofisa wa forodha.

Nilimbana Mzee Tayabali mkono. Akaelewa. "Ipo?" akaninong'oneza. "Ipo."

Bi Rukia alifuata macho yangu. "Hiyo ni nishani ya baba," alisema.

Alitueleza kama mtu aliyezoea kuulizwa. Baba yake alichukuliwa akiwa kijana kwenda vita vile vya kwanza, vya Mjerumani, miongoni mwa wapagazi. Hakupewa bunduki, alipewa mzigo. Alibeba risasi, alibeba unga, alibeba vitanda vya maofisa, na mara moja, alisema, alibeba kinanda. Waliokwenda naye kutoka mtaani kwao wengi hawakurudi. Yeye alirudi na miguu isiyopona, na hakupewa kitu. Vita vya pili vilipokwisha, vijana wakarudi na nishani, siku za gwaride wakizivaa, na yeye akikaa barazani akiwatazama wakipita. Wakati ule Bi Rukia alikuwa msichana anayetia vifungo kwa Kaitano. "Fundi alikuja nyumbani siku moja kuleta kazi, akamwona baba alivyokaa. Baada ya siku chache akaja na hiyo, imeshatiwa fremu. Akaitundika mwenyewe. Na tangu siku ile, mtu akiingia baba humwambia: hiyo yangu."

Nilimwona Mzee Tayabali akivuta pumzi. Namjua, hakuna kosa la nishani aliloweza kuliacha lipite. Kitabu kilichapwa kabla ya vita vile. Ile haikuwa nishani ya mpagazi, wala ya vita vile, wala ya Mwingereza. "Bi Rukia," alianza, "hiyo nyota hasa ni ya..." Nikamkanyaga mguu. Akakohoa. "...ni nzuri sana," akamaliza.

Jikoni nilisikia wanawake wakicheka chini kwa chini. "Bohora amevaa kofia ya harusi. Amekuja kuposa, wallahi, na mshenga wake ni huyo Mgiriama." Bi Rukia naye aliwasikia, akapandisha sauti. "Mahari yangu huyu hayawezi, nyamazeni humo ndani!" Na sote tukacheka, na hapo ndipo Mzee Tayabali alipopata ujasiri. Akaeleza habari ya kitabu, na Mbelgiji, na safari. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwa leso. Hakuwa ameniambia kwamba amebeba kitu cha kubadilishana. Kilikuwa nishani ya fedha, ya vita vile vile vya kwanza, ya kweli, pengine nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. "Nikupe hii," alisema, "kwa ile. Hii ndiyo waliyostahili kina baba yako. Ni fedha, haiozi. Ile ni karatasi tu."

Bi Rukia aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akabadilisha miwani, akaisogeza karibu. Alipapasa ukingo wake kama Mzee Tayabali alivyokuwa akifanya. "Pana maandishi hapa," alisema. "Nisomee, mwanangu."

Nikamsomea. Lilikuwa jina la mwanamume, na namba yake.

"Huyu ni nani?"

"Hatumjui," Mzee Tayabali alisema.

"Ana watu wake basi." Akaifunga ndani ya leso, akaiweka kwenye kiganja cha mzee, akakikunja kile kiganja kwa vidole vyake. "Bwana, hii ina mwenyewe. Ile ya ukutani haina jina la mtu, ndiyo maana yaweza kuwa ya baba. Nikiitundika hii, nitamtundika mgeni juu ya mlango wangu, na watu wake wamtafute wapi?" Hakusema kwa ukali. Alitumiminia chai nyingine.

Tulirudi kwa miguu mpaka Ndia Kuu. Nilidhani amevunjika moyo. Kumbe alikuwa akifikiri jambo jingine, na kesho yake nilipofika nikakuta droo zote ziko wazi, pamba imetawanyika sakafuni, naye amekaa katikati. "Acha kitabu," alisema. "Nisomee hawa." Na wiki zile zilizosalia nilisoma kingo za nishani, jina baada ya jina, nikiyaandika, kisha nikayachukua nikatembea nayo. Nilikwenda misikitini na makanisani, nilikwenda Kibarani, nilivuka kwenda Likoni, nilipanda basi mpaka kwetu Kaloleni. Sehemu kubwa ya majina hayo hakuna aliyeyajua. Lakini kuna nyumba chache nilizobisha hodi nikataja jina, na mtu akasimama. Mwanamke mmoja wa huko kwetu alishika nishani ya babu yake akanusa utepe wake. Sikuwa nimeona mtu akinusa nishani. Kazi ninayoifanya leo, ya kutafsiri na kutafutia watu habari za watu wao, sikuisomea popote. Niliianza kwa kubisha hodi zile.

Mbelgiji aliandikiwa kwamba picha imepatikana lakini haitoki ilipo. Akajibu kwa adabu kwamba basi. Mwanawe Mzee Tayabali akaja, kijana mnene mwenye haraka, akazunguka chumba akiamua kipi kiende na kipi kibaki, na babake akamsikiliza kwa upole kisha akaamuru suti zake mbili zitolewe sandukuni na kitabu kiwekwe mahali pake. Walibishana kwa Kigujarati mchana kutwa. Sikuelewa neno, lakini suti zilibaki.

Siku mbili kabla ya safari, Bi Rukia alikuja kuaga. Alipanda zile ngazi pole pole, na sinia la mkate wa mayai juu ya mkono. Alipokwisha kukaa na kupumua akasema, "Nataka kuona ilikotoka." Nikatoa kitabu sandukuni nikakiweka mezani, nikamfungulia pale penye mkato na kile kivuli cha ncha nane. Alikitazama sana. Nami nilikuwa nimejiandaa kumficha maelezo yale, nikatandaza kiganja juu ya maandishi kama mjinga, kana kwamba alijua Kifaransa.

"Ondoa mkono, mwanangu," alisema. "Najua si ya vita vyake. Kaitano alimwambia baba siku ile ile."

Mzee Tayabali aligeuza uso wake upande wa sauti. "Alijua?"

"Ni yeye aliyeichagua. Mimi nawaambia watu Kaitano alileta fremu, na kweli alileta. Lakini kwanza alileta kitabu. Akakiweka mkekani mbele ya baba akamwambia, mzee, chagua uitakayo, na zako hazimo humu. Baba alifunua kutwa. Chakula kilipoa. Kila ukurasa ni uso wa mfalme, mwingine na ndevu, mwingine na taji, na baba alifunua tu, alifunua tu. Alipofika hapa akasema, hii. Kaitano akamwuliza kwa nini hii. Akasema, hii haina mtu ndani yake. Wale wengine nimewabeba vya kutosha."

Kutoka chini tulimsikia mwanawe akigombana na wapakiaji juu ya kabati. Kisha Bi Rukia akavuta kiti karibu na meza, akafungua kitabu mwanzo, akabadilisha miwani. Aliweka kidole, kikavu na kisafi, chini ya uso wa kwanza.

"Huyu nani?"

Nikamgusa Mzee Tayabali mkono. Akaitikia kwa kichwa. Nikasoma jina la mfalme, na nchi yake.

"Alibeba nini?"

Mzee Tayabali, ambaye kwa kila nishani alikuwa na habari zake na za mwenyewe na za baba wa mwenyewe, alipapasa ukingo wa kitabu. "Hakubeba kitu, Bi Rukia," alisema.

Akafunua ukurasa. "Na huyu?"